Orodhesha Viumbe Wote wa Dunia kwa Hatua Nane Rahisi

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mwema. Amesikia mahali kwamba dunia haijawahi kuwa na daftari moja, kamili, la majina ya viumbe wake, akashangaa, kisha akatamka maneno yaliyowaponza wengi kabla yake: "Kwani ugumu uko wapi? Si kuandika tu?" Kama mtu huyo ni wewe, karibu, vuta kiti. Bado una nafasi ya kubadili nia, ingawa tukiwatazama waliokutangulia, hutabadili.

Hesabu yenyewe haitishi. Spishi zilizokwisha kupewa jina la kisayansi ni kama milioni 2. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilikadiria kwamba spishi zote, ukiacha bakteria na wenzao, zinafika milioni 8.7. Tuanze na hizo zenye majina. Ukichapa jina moja kila dakika, saa nane kwa siku, bila Jumapili wala sikukuu, utamaliza kwa miaka kumi na moja na ushee. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kujua unachapa nini.

Vifaa

Utahitaji kompyuta, Kilatini cha kuombea maji, birika la chai lisilokauka, na marafiki wawili watatu wasiojua lolote kuhusu biolojia, ili uwe na watu wa kukaa nao jioni. Hasira za haraka ziache nyumbani. Utakutana na za wenzako za kutosha.

Hatua ya 1: Panga tarehe ya mwanzo wa dunia

Dunia ya wanyama ilianza tarehe 1 Januari 1758. Hiyo ndiyo siku inayohesabiwa kuwa Msweden Carl Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae. Jina lolote alilopewa mnyama kabla ya hapo halihesabiki, hata kama lilitoka kinywani mwa Aristotle. Upo upendeleo mmoja. Buibui wa Sweden walikuwa wamekwisha kuandikwa na Carl Clerck katika kitabu kilichotoka 1757. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama iliona vibaya kukiacha nje kitabu kizuri namna hiyo, ikaamua kwamba kitabu cha 1757 kilichapishwa tarehe 1 Januari 1758. Usicheke. Ni sheria, na utaitumia.

Mimea ina kanuni yake, na dunia yake ilianza mapema zaidi, tarehe 1 Mei 1753, kwa kitabu kingine cha Linnaeus yule yule, Species Plantarum. Virusi wana kamati yao. Bakteria ndio waliofanya ambalo wengine wote wanaliota usiku: walichoka na makumi ya maelfu ya majina yasiyoeleweka, wakafunga daftari la zamani na kufungua jipya tarehe 1 Januari 1980. Majina yaliyovuka nao hayakufika 3,000.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kanuni hizi hazisalimiani. Jina lililochukuliwa upande wa mimea liko huru upande wa wanyama. Kwa hiyo Ficus ni jenasi ya mkuyu, na Ficus ni jenasi ya konokono wa baharini. Oenanthe ni ndege, na Oenanthe ni mmea wa majimaji. Siku kompyuta yako itakapotangaza kwamba kuna ndege anayechanua maua meupe kando ya mitaro, usiite fundi. Imesoma vizuri kabisa.

Hatua ya 2: Ondoa majina yanayojirudia

Katika daftari la michango ya harusi, Baba Asha wa ukurasa wa kwanza, Mzee Juma wa ukurasa wa tatu na "Juma fundi" aliyeandikwa pembeni kwa penseli huweza kuwa mtu mmoja aliyetoa mara moja, na kamati huligundua hilo siku ya kuhesabu pesa. Daftari la viumbe lina ugonjwa huo huo, ila kamati yake ina karne mbili na nusu za karatasi za kupekua.

Mwaka 2015 wahariri wa rejista ya dunia ya spishi za baharini, yenye makao yake Oostende, Ubelgiji, walitangaza kwamba katika majina yapatayo 419,000 waliyokuwa wameyakagua, kama 190,400 yalikuwa ya ziada: kiumbe yule yule, jina jingine. Bingwa alikuwa Littorina saxatilis, konokono mdogo wa miambani katika Atlantiki ya kaskazini, aliyekutwa na majina 113. Konokono huyu hana hila yoyote. Gamba lake hubadilika umbo na rangi kufuatana na mwamba anaokaa, na kila msomi aliyepita ufukweni na kalamu alidhani ameona mgeni.

Dawa ipo, nayo ni fupi: jina lililotangulia kuchapishwa ndilo litakalosimama, mengine yote ni visawe. Ila dawa ina madhara yake. Mtu akifukua jina la kale katika jarida lililokufa zamani, anaweza kumvua jina mnyama anayejulikana na kila mtoto wa shule. Kwa hiyo kanuni ya wanyama imeweka kinga. Jina la kale likiwa halijatumiwa kama jina halali baada ya 1899, na jina jipya likiwa limetumika katika maandiko yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyopita, na maandiko hayo yakiwa yametapakaa katika muda usiopungua miaka 10, basi jina jipya libaki. Sasa unaelewa chai ilikuwa ya nini.

Ukijiona una nguvu za kuimaliza kazi hii peke yako, mtu wa kumwiga yupo. Charles Davies Sherborn wa London alianza mwaka 1890 kukusanya kila jina la mnyama lililochapishwa tangu 1758. Alifanya kazi hadi 1933 na kuorodhesha majina kama 440,000. Alipoweka kalamu chini, alikuwa amefika mwaka 1850.

Hatua ya 3: Sahihisha ngeli

Hapa msomaji wa Kiswahili amebarikiwa kuliko Mwingereza. Jina la kisayansi lina maneno mawili, la jenasi na la spishi, na hilo la pili likiwa kivumishi lazima lipatane na la kwanza. Sisi tuliochapwa shuleni kwa kusema "kiti mzuri" hatuna la kushangaa.

Mwulize sato. Alipokuwa katika jenasi ya Tilapia aliitwa nilotica. Wataalamu wakamhamishia Sarotherodon, baadaye Oreochromis, naye akawa niloticus, kwa kuwa amehama ngeli. Samaki mwenyewe hakubadilisha hata pezi. Orodha yako sasa ina mistari mitatu kwa samaki mmoja, na ukiwa umeacha herufi mbili za mwisho bila kuzirekebisha, ina minne.

Kisha kuna mabano. Ukikuta imeandikwa Oreochromis niloticus (Linnaeus, 1758), mabano hayo si urembo. Yanasema kwamba Linnaeus ndiye aliyemwita samaki huyu wa Mto Nile, lakini alimweka katika jenasi nyingine. Ukiyafuta, umemsingizia marehemu. Ukiyaweka pasipo stahili, umemsingizia pia. Watu wa mimea nao wana mabano, ila wao huongeza nje yake jina la aliyeuhamisha mmea, na Linnaeus humfupisha kuwa "L." peke yake, kama mtu ambaye kila mmoja anatarajiwa kumjua.

Hatua ya 4: Usilizoee jina lolote

Kosa kubwa la wanaoanza ni kupenda majina. Chukua mgunga. Kwa vizazi vingi migunga ya Afrika iliitwa Acacia, na kielelezo rasmi cha jina hilo kilikuwa mti wa Afrika, Acacia nilotica. Wataalamu walipogundua kwamba jenasi hiyo kubwa ni mchanganyiko wa koo mbalimbali na lazima ivunjwe, swali likawa nani abaki na jina. Australia ina spishi kama elfu moja za ukoo wake, Afrika haizifikii. Shauri lilipelekwa kwenye mkutano wa dunia wa botania mjini Vienna mwaka 2005, likiwa na pendekezo la kuwapa Waaustralia. Karibu asilimia 55 ya kura zilipinga. Pendekezo likapita, kwa sababu kulikataa kulihitaji asilimia 60. Malalamiko yaliendelea hadi mkutano uliofuata, 2011, ulipothibitisha uamuzi huo. Mkutano huo ulifanyika Melbourne. Ndiyo, Australia. Migunga yetu sasa ni Vachellia na Senegalia, na twiga anaendelea kula.

Ua dogo la zambarau la Milima ya Usambara, linalopamba madirisha ya nusu ya Ulaya, lilipewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka huko. Mwaka 2015 jenasi hiyo ilimezwa na Streptocarpus. Wauza maua hawakujulishwa, au walijulishwa wakanyamaza.

Waliokufa zamani nao hawapumziki. Dinosaria mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, aliandikwa mwaka 1914 kuwa Brachiosaurus brancai, na mifupa yake imesimamishwa Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Baada ya miaka mingi ya hoja, wengi sasa wanamwita Giraffatitan brancai. Amekaa ardhini kwa miaka milioni 150 bila kusumbuliwa, kisha amekaa jumba la makumbusho kwa muda usiotimiza karne mbili na tayari ana majina mawili.

Na kuna majina yanayotakiwa kuondoka kwa sababu yanatukana watu. Mwaka 2024, mjini Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura 351 dhidi ya 205 kwamba majina ya aina ya caffra, yanayobeba tusi waliloitwa Waafrika kusini mwa bara, yaandikwe affra. Upande wa wanyama, tume yao imesema haitabadilisha majina kwa sababu ya adabu. Ndiyo maana mdudu mmoja wa mapangoni huko Slovenia, asiye na macho na asiye na kosa, ameitwa Anophthalmus hitleri tangu miaka ya 1930 mpaka leo. Daftari lako ni la mimea na wanyama pamoja, kwa hiyo litakuwa na adabu kurasa za kushoto na kukosa adabu kurasa za kulia.

Hatua ya 5: Hesabu twiga

Toka nje uhesabu twiga. Si idadi yao, hesabu aina. Linnaeus alihesabu moja, akamweka pamoja na kulungu: Cervus camelopardalis. Waliofuata walimpa jenasi yake, lakini kwa muda mrefu walikubaliana kwamba spishi ni moja. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulipendekeza nne. Ubishi ukachukua miaka, na mwaka 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likakubali nne. Kenya ililala na twiga wa aina moja, ikaamka na aina tatu, bila mtu kuona mnyama yeyote akivuka mpaka.

Tembo walitangulia. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliwaandika tembo wa Afrika kuwa spishi mbili, wa savana na wa msituni. Matokeo yake hayakuwa ya vitabuni tu. Walipohesabiwa pamoja, wingi wa mmoja ulifunika upungufu wa mwingine. Walipotenganishwa, tembo wa msituni alionekana yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kiwango kimoja tu kabla ya kutoweka porini.

Hakuna kipimo kilichokubaliwa na wote cha kusema wawili hawa ni spishi mbili. Vipo vingi, na kila kimoja kinafaa mpaka pale kinapokataa kufaa. Ukitafuta amani, mwongozo huu unakushauri uorodheshe mawe.

Hatua ya 6: Nenda ukamwone mwenye jina

Kila jina limefungwa kwenye kielelezo: ngozi iliyokaushwa, samaki ndani ya chupa ya spiriti, tawi lililobandikwa kwenye karatasi. Ukitilia shaka jina, unakwenda kumtazama mwenye jina. Kwa bahati mbaya mwenye jina mara nyingi hakai alikozaliwa. Andaa nauli na viza. Sehemu kubwa ya vielelezo vya mimea ya Afrika Mashariki iko Kew, London, na ni huko ilikosimamiwa kazi ya Flora of Tropical East Africa, maelezo ya mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ilianza kuchapishwa 1952, ikakamilika 2012, ikiwa na spishi 12,104. Miaka sitini kwa nchi tatu. Fanya hesabu ya dunia nzima, kisha ujilaze kidogo.

Mara nyingine hakuna mwili wa kutazama. Wakazi wa Rungwe, kusini mwa Tanzania, walikuwa wakimjua kima aitwaye kipunji. Watafiti waliongozwa na habari zao, wakamwona, na mwaka 2005 akaandikwa kama Lophocebus kipunji. Kielelezo chake kilikuwa picha, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwua mnyama adimu namna ile ili kuridhisha desturi. Mara mabishano yakaanza, je, picha ni kielelezo? Kisha kipunji mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vikachunguzwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mistari miwili ya daftari ndani ya mwaka mmoja. Kule Rungwe wameendelea kumwita kipunji.

Watu utakaokutana nao njiani

Mgawaji. Akiona mijusi wawili wenye madoa yasiyolingana, anaona spishi mbili. Ni mpole, anaandika sana, na kila makala yake inakuongezea wiki ya kazi.

Mkusanyaji. Anasoma makala za Mgawaji na kuzirudisha spishi zote kuwa moja. Wote wawili ni wahariri wako, na wote wawili wana ushahidi.

Mwenye haraka. Huyu anajua kwamba sifa ni ya aliyetangulia kuchapisha, si ya aliyetangulia kuona. Samaki silikanti wa Indonesia aligunduliwa na kundi moja mwishoni mwa miaka ya 1990, na kundi jingine ndilo lililotangulia kumwita Latimeria menadoensis, mwaka 1999. Kuna wenye haraka zaidi, wanaochapisha majina kwa mkupuo katika majarida yao wenyewe juu ya kazi za wengine. Wataalamu wa nyoka na mijusi wamewahi kukubaliana hadharani kuyasusia majina ya namna hiyo. Kwa herufi ya kanuni, mengi yake ni halali.

Mfadhili. Mwaka 2005 haki ya kumpa jina kima wa Bolivia ilipigwa mnada kwa ajili ya hifadhi anamoishi, na kasino moja ya intaneti ikashinda kwa dola 650,000. Akaitwa Callicebus aureipalatii, yaani wa jumba la dhahabu, kama kasino yenyewe. Tangu hapo jenasi yake imebadilishwa kuwa Plecturocebus. La kasino limebaki.

Mtu wa kompyuta. Anataka kila kiumbe kiwe na namba moja, jina moja na mzazi mmoja. Mpende. Usimwambie yote siku moja.

Hatua ya 7: Tafuta pesa, kisha tafuta amani

Pesa hupatikana kwa matajiri wenye ndoto. Charles Darwin aliahidi kugharimia orodha ya majina ya mimea yote yenye maua, akafariki 1882, na sehemu ya kwanza ya orodha hiyo, Index Kewensis, ikatoka 1893. Mwanzoni mwa karne hii watu wa San Francisco walianzisha All Species Foundation, kwa lengo la kuorodhesha kila kiumbe duniani ndani ya miaka 25. Viumbe walikuwa tayari. Pesa zikakauka baada ya miaka michache.

Waliodumu ni wale waliokuwa na tamaa ndogo. Katalogi ya Uhai, iliyoanza kutolewa mwaka 2001, ilijengwa juu ya wazo alilolipigania Frank Bisby wa Chuo Kikuu cha Reading: usiandike orodha, waombe wenye orodha. Mtu wa buibui alete buibui, wa nondo alete nondo, nawe kazi yako iwe kuzishona pamoja. Leo imeshonwa kutokana na orodha zaidi ya 150 na ina spishi zaidi ya milioni 2. Mishono inaonekana. Samaki peke yao wana orodha mbili mashuhuri, FishBase na katalogi iliyoanzishwa na William Eschmeyer huko California, na kuna mahali hazikubaliani. Katika jamii nyingine za viumbe hakuna aliyeleta chochote, kwa sababu mtaalamu wao alistaafu na hakupata mrithi.

Kuhusu amani: mwaka 2017 Waaustralia wawili, Stephen Garnett na Les Christidis, waliandika katika jarida la Nature kwamba fujo za majina zinahujumu uhifadhi, na kwamba panahitajika chombo cha kuzitawala. Mwaka 2018 walijibiwa kwa makala yenye waandishi zaidi ya 180, ambao kwa pamoja walieleza kuwa sayansi haiongozwi kwa amri ya kamati. Mwaka 2020 baadhi ya watu wa pande zote mbili waliketi na kuandika pamoja kanuni kumi za kuifikia orodha moja. Miaka mitatu kutoka matusi ya kistaarabu hadi makala ya pamoja. Katika fani hii hiyo ni kasi ya duma.

Maswali utakayoulizwa na shemeji

Kwa nini msitumie majina ya Kiswahili? Kwa sababu sangara wa Mwanza ni mbuta wa Kisumu, na "changu" sokoni Feri ni samaki wa aina kadhaa katika ndoo moja. Kila lugha ina hali hiyo, hata Kiingereza.

Je, utakipa kiumbe jina lako? Kanuni haikatazi, ila wenzako watakucheka mpaka uzeeni. Njia salama ni kuwa rais wa Ufaransa. Jules Grévy alizawadiwa punda milia kutoka Abyssinia, na tangu 1882 spishi nzima inaitwa Equus grevyi.

Na faida yake nini? Mjibu kwa mifano miwili, kisha badilisha mazungumzo.

Wa kwanza ni mti wa milima ya Afrika unaoitwa Prunus africana. Magome yake yanauzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya tezi dume, na biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa tangu 1995. Kwenye chupa za dawa hata hivyo bado umeandikwa Pygeum, jina lake la zamani. Ofisa wa forodha mwenye orodha isiyo na visawe atatafuta Pygeum kwenye orodha ya miti inayolindwa, asiione, aseme pita.

Wa pili ni mbu. Kwa muda mrefu mbu mkuu wa malaria barani Afrika aliandikwa kwa jina moja, Anopheles gambiae. Katika miaka ya 1950 na 1960 majaribio ya kuwazalisha maabara yalionyesha kwamba chini ya jina hilo walijificha mbu kadhaa, wasioweza kutofautishwa kwa macho, lakini wakichanganywa, watoto wao wa kiume hutoka tasa. Mmoja hufuata watu ndani ya nyumba. Mwingine, Anopheles arabiensis, huridhika pia na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje. Wa tatu hupendelea wanyama na hana habari na malaria yako. Vyandarua vyenye dawa viliposambazwa Kenya na Tanzania, yule wa ndani alipungua sana sehemu nyingi, na arabiensis akabaki, akiuma barazani kabla watu hawajaingia kulala. Orodha yenye jina moja ingesema mbu ni wale wale na chandarua kimeshindwa. Orodha yenye majina mawili inasema chandarua kimemmaliza mmoja, sasa tafuta silaha ya mwenzake.

Hatua ya 8: Chapisha, ukiwa na tarehe mkononi

Kufikia hapa utakuwa umegundua ambalo mwongozo huu ulikuficha mwanzoni, usije ukakimbia. Jina la kisayansi ni hoja iliyotiwa saini. "Linnaeus, 1758" nyuma ya jina si pambo la kisomi. Ni mtu aliyesema mbele za watu: hawa ni kitu kimoja na wale ni kitu kingine, nibisheni. Wamembishia tangu siku hiyo. Daftari linaloficha mabishano hayo ili lionekane safi litamdanganya yule yule mtu wa forodha na yule yule mtu wa vyandarua, tena kwa sauti ya uhakika.

Kwa hiyo usifute jina lolote, hata lile la aibu. Andika kando yake limekufa lini na limeuawa na nani. Wahariri wawili wakikataana, andika umemfuata yupi. Kila mstari uwe na mtu wa kulaumiwa. Kisha toa daftari lako, na mwezi ujao ulitoe tena, kama wafanyavyo wenzako wa Katalogi ya Uhai.

Na mtu akikuuliza barazani jioni mbu huyu anaitwaje, mtajie jina, aliyelitoa, mwaka, na toleo la orodha unayoifuata. Akitaka jibu fupi kuliko hilo, mpe chandarua.